Bibiane na Maji ya Wakimbizi

Mwaka ule wa 1962, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Kikula, mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua habari za binti yake. Bibiane na wenzake, kila wakitoka shule, waliwachotea maji wakimbizi wa vita waliolala kanisani.

“Nani alibatuma?” mzee aliuliza.

“Hakuna muntu, papa. Minye nilimukataza, nikaficha na ndoo. Akaomba ingine kwa jirani.”

“Lakini mama, bale bantu habako ba kwetu. Kesho bantu batasema nini?”

Swali hilo hata mimi nililiogopa. Siku zile mtu aliulizwa kabila kabla ya jina. Mama alinyoosha shingo. “Nilimufuata juu ya kumupiga. Nikamukuta ananawisha mama muzee mumoja, kipofu, anamuita nkambo, sawa bibi yake. Nikashindwa kumupiga. Nikabeba ndoo, nikamusaidia.”

“Bantu ba kwetu batamuumiza siku moja,” mzee alisema.

Basi likasimama. Wasichana walikuwa wakipita barabarani, maji vichwani. Mzee akainama dirishani. “Wako ni yupi?”

“Ule wa mbele,” mama alisema kwa sauti iliyomfikia hadi dereva, akashuka.