Na Tumbo Linasemaje?

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya maumivu sugu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wagonjwa humwita Bi Tumbo, naye huitika bila kununa.

Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mtu akiingia na mgongo unaouma, viungo vinavyowaka na uchovu usioisha hata akilala kutwa, Bi Tumbo huvuta kiti, hukaa naye goti kwa goti, kisha humuuliza: "Na tumbo linasemaje?" Wazee wenye heshima zao wamewahi kukimbilia kutazama dari. Hakuna aliyetoka bila kujibu.

Daktari wetu alimtania kwamba hata aliyeteguka mguu ataulizwa habari za choo. Siku hizi naye huuliza, ila kwa sauti ya chini. Watafiti bado wanachunguza jinsi utumbo na vijidudu vyake vinavyohusiana na uchovu na maumivu ya muda mrefu, na Bi Tumbo hajawahi kuwatangulia kwa ahadi. Kwake tumbo ni shahidi, si mganga.

Kisa cha mtindi hakikwepeki. Alikuwa akitugandishia mtindi nyumbani na kuuleta katika vikopo vipya vya maabara, kwa kuwa vifuniko vyake havivuji. Siku moja kikopo kimoja kilipotea njia kutoka jokofu la chumba cha chai, kikapelekwa maabara kama sampuli ya mgonjwa. Majibu yakarudi: vijidudu tele, mgonjwa aonwe haraka. Ndugu zake mgonjwa huyo, vile vikopo vingine, walikuwa wameshaliwa na mhasibu wetu.

Yupo pia fundi cherehani aliyefika akiwa na vipimo safi na mwili unaouma kote. Mama mkwe alishakata shauri: mvivu huyo. Bi Tumbo alisikiliza habari za kuvimbiwa na kuharisha, akamwita mama mkwe, akamwambia, "Mama, mwenzio haigizi. Hata tumbo lake limechoka." Chakula kikapangwa upya, kazi ikapunguzwa. Hakupona kabisa. Ila amerudi kwenye cherehani yake kwa nusu siku, na anayemkatia nyuzi ni mama mkwe.

Wagonjwa wetu wengi walihama makwao zamani. Ulimi huzoea lugha ya ugenini, tumbo halisahau. Ndiyo maana, tangu tangazo la kustaafu libandikwe, wanauliza jambo moja tu: nani atatuamini sasa?

Kwenye chai ya kumuaga, Bi Tumbo alikula wima kama kawaida yake, huku akiwahimiza wengine waketi na watafune polepole. Fundi akamvutia kiti, akamkalisha, akauliza kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa: "Haya dada, na lako linasemaje?"

Tulicheka. Yeye akatazama dari. Kisha akakiri kwamba limevurugika wiki nzima, na hajala kitu kibaya.

Asante, Bi Tumbo, kwa kutuamini kabla ya vipimo. Kiti chako hakihami, na mrithi wako ameshaanza kuuliza; ameanza na mhasibu. Nenda kwa amani, kula ukiwa umeketi, na tumbo lako litulie.