Kipa wa Barafuni Aliyekuwa Mzima Kila Siku

Ndugu zangu, mwenyekiti amenipa dakika saba, na kwa kuwa ananijua, ameanza kuangalia saa kabla sijashika kipaza sauti.

Kwa mliofika leo kwa mara ya kwanza, mimi huyu mrefu mwenye pua iliyovunjika, ikaunganishwa, ikavunjika tena, ndiye anayeitwa Mswidi hapa kanisani. Mama yangu ni nesi wa Iringa. Baba yangu ni fundi wa kuchimba visima kutoka kaskazini mwa Sweden, kule ambako wakati wa baridi jua linachungulia kama mtu aliyekosea nyumba, halafu linarudi lilikotoka. Huko ndiko nilikozaliwa na kukulia. Kiswahili nimekipata jikoni, maana mama alipiga marufuku lugha nyingine yoyote karibu na sufuria zake. Ukisema Kiswidi, hupati ugali. Ndiyo maana mpaka leo naongea kama mtu mwenye njaa.

Kazi yangu ilikuwa hoki ya barafuni. Kuna mama pale katikati yenu anacheka, anadhani natania. Ni mpira wa magongo, ila uwanja wote ni barafu, viatu vina visu chini, na badala ya mpira kuna kisahani cha raba, kigumu kama jiwe, ukubwa wa kitumbua. Mimi nilikuwa kipa. Kitumbua hicho kinakujia kwa kasi ya treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Gatwick, na kazi yako si kukikwepa. Kazi yako ni kujiweka mbele yake. Wenye akili walisomea uhasibu, mimi nikasomea kupigwa.

Na nawaambia, kipa ni mfungwa. Wenzake wanateleza uwanja mzima kama mbayuwayu, yeye amechorewa kieneo cha buluu mbele ya goli, basi, maisha yake yako hapo. Amefungwa mito miguuni na kifuani, uzito wa ng'ombe mwenye mimba. Uso uko nyuma ya vyuma. Jasho linamwingia machoni na hawezi kulifuta, maana glavu zenyewe ni kubwa kama sinia la pilau. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita nikaingia humo ndani, na sikutoka mpaka nywele zilipoanza kuniaga. Sweden, Norway, Ujerumani, Sweden tena. Nilidaka kila kitu, hata inzi. Bibi mmoja wa mji wetu alimpa paka wake jina langu, na nasikia paka mwenyewe alianza kuringa.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifunga kuliko vyuma vya usoni. Kule kwenye chumba cha wachezaji kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Ukiulizwa uko vipi, unajibu mzima. Meno yako umeyashika mkononi, unajibu mzima. Ukisema unaumwa, kesho yake kipa wa akiba amesimama golini kwako, na wewe ndiye wa akiba.

Mimi sheria hiyo ilinikuta nimeshafundwa nyumbani. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za kazi? Nzuri sana. Simu ilipopigwa kutoka Iringa kumpa mama taarifa kwamba babu amefariki, mama alipokea akaitikia nzuri, nzuri, nzuri, na upande wa pili nao nzuri, ndipo msiba ukatajwa. Sisi ndivyo tulivyo. Kwanza nzuri, halafu ndiyo inakuja ile "ila". Mimi nilijifunza nzuri peke yake. Kwenye ila sikuwahi kufika.

Nilikuja Uingereza kumalizia miguu yangu kwenye timu moja ndogo nje kidogo ya London. Jumamosi moja kitumbua kikanipata kwenye paji la uso. Kofia haikupasuka. Taa za uwanjani zilizaa mapacha palepale. Daktari wa timu akaja akitembea kwenye barafu kama kuku kwenye utelezi, akaniuliza, "Uko vipi?"

"Mzima."

Nikaendelea kudaka. Mechi iliyofuata mshambuliaji akaniangukia, goti lake likapiga palepale. Daktari akaja tena na mwendo wake wa kuku. Uko vipi? Mzima. Safari hii nilimjibu kwa Kiswahili, kwa hiyo hata yeye akashtuka. Akanitoa uwanjani. Baadaye akaniambia kwamba ubongo umetikisika vibaya, nikapumzike mpaka nipone kabisa, na nikipata pigo la tatu huenda nisiamke.

Nikahamia Thornton Heath, kusini mwa London, kwa mama mdogo, yule pale anayejificha nyuma ya kofia yake nyekundu. Akanipa chumba cha nyuma, ghorofani. Mama mdogo anatunza wazee majumbani, anatoka kabla hakujapambazuka. Mimi nikabaki na kuta.

Ndugu zangu, nimeshawahi kukaa golini watu elfu kadhaa wakinizomea, sikuwahi kubanwa kama nilivyobanwa na chumba kile. Mwanga ulinichoma, nikatundika blanketi dirishani. Kijiko kikigusa kikombe kule chini, mimi juu nasikia kengele ya kanisa kuu. Nikifungua simu, herufi zinatembea kama siafu. Basi likipita barabarani, nyumba yote inahama na mimi ndani yake. Mtu niliyekuwa nimeshindana na vitumbua vya raba nusu ya maisha yangu, nikawa nalala chini kwa sababu kitanda kiko juu mno.

Siku moja nilijikaza niende hospitali kuonana na bingwa wa mambo ya vichwa. Nikafika kwenye kituo cha treni. Kizuizi cha tiketi kikafunguka, mlio wake ukaniingia kichwani, nikaganda pale katikati. Kikajifunga. Mimi huku, mkoba wangu kule. Nyuma yangu foleni mpaka Croydon. Mhudumu akaja, mtu mpole kabisa, akaniuliza kwa lile swali lao la uko sawa, "You alright, mate?"

Unajua nilimjibu nini? "Alright."

Akanitolea mkoba, akaniachia njia, nikarudi kwenye blanketi langu. Nilikuwa nimefungiwa kwa lugha tatu, na funguo zote niko nazo mimi mdomoni.

Jioni mama mdogo anauliza nje ya mlango, "Habari za leo, mwanangu?" Nzuri, mama mdogo. "Umekula?" Nimekula. Sahani ya mchana iko palepale, wali umeshakauka. Na ninyi wapendwa siku chache nilizojikokota kuja hapa: "Mswidi! Lini unatupeleka tukateleze?" Karibuni sana! Nacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, halafu naenda kutapika chooni.

Ndipo kocha akapiga simu. Kipa wake ameumia nyonga, Jumamosi kuna mechi, hana mtu mwingine. Akaniuliza, "Uko vipi?"

Ndugu zangu, jibu lilitoka lenyewe kama chafya. Mzima. Akanishukuru, akakata.

Nikashusha begi la vifaa kutoka juu ya kabati, nikakaa nalo sakafuni. Nilijua nikisimama golini Jumamosi ile huenda ndiyo mwisho wangu. Na nilijua nitakwenda. Sikuwa shujaa, msije mkanipigia makofi. Sikujua tu namna ya kusema neno lingine. Kila nilipojaribu kumpigia kocha, nilisikia sauti yangu ikisema mzima kabla hata simu haijaita.

Sasa mnajua kina mama wa huku, wengi wana zamu za Jumapili, kwa hiyo ibada yao ya nyumbani ni siku za kazi, mchana, zamu zikiruhusu. Wiki ile ilikuwa zamu ya sebule ya mama mdogo. Akaniita nishuke nibebe birika la chai, lile birika lake ambalo lingeweza kunywesha kikosi cha jeshi. Nikashuka nimefumba jicho moja.

"Jamani, mnara umeshuka!" akasema mmoja.

"Mwone alivyopauka. Upande wa baba umeshinda kesi."

"Huyu anafugwa kama uyoga. Dada, mtoe nje huyu apate jua, utakuja kumchuma!"

Wakacheka, na kicheko chao kikanipita kichwani kama msumeno. Dada mmoja, nesi, Mkenya, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, akanyoosha kikombe chake nimmiminie. Hakuwa na nia yoyote. Akanisalimia tu, "Habari yako, kaka?"

"Mbaya."

Sijui ilitokea wapi. Mama mmoja alikuwa ameshaitikia "Haya, tunashukuru Mungu" kwa mazoea, akajishika mdomo. Hakuna aliyejua kinachofuata, maana salamu zetu hazijawahi kufika huko. Nami nimesimama na birika, nimelishika kama nimeliiba.

Yule dada akaweka kikombe chini. Akavuta kiti, akakipiga-piga kwa kiganja. "Keti. Mbaya tangu lini?"

Nikaketi. Nikasema yote, kitumbua, goti, taa, kizuizi cha treni, Jumamosi. Mama mmoja akainuka bila kuambiwa akafunga mapazia. Mama mdogo akaniangalia machozi yakimtoka. "Mbona kila siku uliniambia nzuri?"

"Ulikuwa unauliza, najibu."

"Na mimi nikaamini," akasema, "kwa sababu nilikuwa nimechoka."

Dada nesi hakutoa mahubiri. Akasema, "Simu iko wapi? Mpigie huyo kocha. Mimi sikusemei, sauti unayo."

Nikapiga. Kocha akauliza kama niko tayari. Nikamwambia, "Siko mzima. Kichwa changu ni kibovu. Sichezi Jumamosi, na sichezi tena." Nilifumba macho nikisubiri dari iniangukie. Kocha akasema pole, na palepale akaniuliza kama namjua kipa mwingine. Basi! Gereza langu lote, na mlango wenyewe ulikuwa mwepesi vile! Ningecheka kama nisingekuwa nalia.

Msidhani nilipona kesho yake. Dada nesi alinipeleka hospitali kwa miguu na kwa basi, akinishika mkono kama bibi harusi. Nilijifunza kutembea mpaka kona ya mtaa, halafu mpaka duka la samaki, halafu kituo kimoja cha treni. Wiki nyingine nilirudi kwenye blanketi. Niliposhika kitabu bila siafu kutembea, nikajiandikisha shule ya jioni, hesabu na Kiingereza, kisha ufundi wa majokofu. Ndiyo, majokofu. Mimi na barafu hatuna talaka. Siku ya kupokea cheti nilipiga vigelegele mwenyewe, na mwanaume akipiga vigelegele ndugu zangu, hata mkuu wa chuo anasimama.

Mama mdogo, asante kwa chumba, na asante kwamba sasa ukiuliza unavua kwanza koti. Dada yangu nesi, uko zamu leo, watakuambia nimekutaja bila jina. Kina mama wa ile sebule, Mungu awalipe, na uyoga unawasalimu.

Wapendwa, najua humu ndani kuna mtu ametoka zamu ya usiku, ameitikia nzuri kwa watu wote waliosimama mlangoni, na begi lake liko sakafuni kwake. Mtafute mmoja tu umwambie ukweli. Si lazima kanisa zima. Mmoja.

Nami naanza hapa hapa, kabla mwenyekiti hajaninyang'anya kipaza sauti. Ndugu yetu wa mitambo ya sauti, kila Jumapili pambio likianza unanitazama nilipokaa kule nyuma, unaniuliza kwa ishara kama sauti iko sawa, nami nakuinulia dole gumba. Haiko sawa, kaka. Inanipasua kichwa. Nakuomba uipunguze.