Maxwel Khisa, Mchoraji wa Nchi Zisizo na Hati

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa kanisa, majirani wa Mbaruk na nyinyi nyote mliotoka Nakuru mjini, Naivasha na Bungoma, familia imeomba msomewe kwa ufupi maisha ya ndugu yetu Maxwel Khisa, na kwa kuwa yeye mwenyewe alichukia ramani iliyopambwa kupita kiasi, tutayasema jinsi yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1986 katika nyumba za reli mjini Nakuru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Joseph Wekesa, aliyetutoka mwaka 2011, na Mama Rhoda, ambaye tuko naye hapa. Alisoma shule ya msingi mjini kuanzia 1993 hadi 2000, kisha sekondari huko Gilgil hadi 2004, na walimu wake walikuwa wakifungua daftari lake la historia wanakuta milima. Mwaka 2006 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za upimaji, akahitimu Novemba 2008.

Februari 2009 aliajiriwa na ofisi moja ya wapimaji wa ardhi mjini, akichora mashamba yanayogawanywa, kazi aliyoifanya vizuri bila kuipenda, mpaka alipojuana na Ravi, mwenye duka la uchapishaji, ambaye kila Jumamosi alikuwa akicheza na wenzake mchezo ambao wengi wenu mlidhani ni kamari kwa sababu ya zile dadu. Si kamari. Watu hukaa mezani, mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu anasema kwa niaba ya mhusika wake, dadu zinaamua kama amefaulu au ameangukia pua, na ramani iliyo katikati ya meza inawaonyesha wako wapi. Ramani ya akina Ravi ilikuwa mbaya, Khisa akashindwa kuivumilia, akawachorea nyingine, Ravi akaiweka kwenye mtandao, na kufikia mwaka 2014 wachezaji wa ng'ambo walikuwa wakimwagiza kazi nyingi hata akaacha ofisi. Alikuwa akienda Kariandusi kutazama yale magenge meupe, na Ndabibi kuchora vilima, kisha akirudi nyumbani anavigeuza kuwa nchi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, na kila mahali muhimu anapaweka nambari, ili msimulizi ajue ni tukio gani linamsubiri msafiri pale.

Nambari hizo zilikuja kumletea maneno. Mwaka 2015 alimpata Akoth, mwalimu, binti ya Mzee Okumu, aliyestaafu kama mtunza stoo kiwandani, na tarehe 8 Agosti mwaka huo wazee wetu walienda kuzungumza mahari, naye kijana, kama mila inavyotaka, akabaki nje hadi atakapoitwa. Baba mdogo wake, Masinde, aliyekuwa msemaji wetu, alipoulizwa kijana ana nini, akakunjua ramani kubwa aliyoiokota kwa kijana bila kuuliza, ina mto, ina daraja, ina nambari tele, nyuma imeandikwa Ndabibi kwa penseli, na kwa mtu wa Nakuru karatasi ya namna hiyo ni kitu kimoja tu, ploti. Akasema kwa sauti ya mwenye mali, "Wakwe, shamba ndilo hilo, na maji iko." Akoth alikuwa akipakua chakula, akaiona, lakini binti haingilii maneno ya wazee siku kama hiyo, akaendelea kupakua. Baba mdogo Masinde yupo hapa, tumeshamsamehe, ingawa kila Krismasi bado tunamuuliza ploti ni pesa ngapi.

Mtu wa stoo hatii sahihi kitu ambacho hajakiona. Wiki iliyofuata Mzee Okumu alibeba ramani ile, akapanda boda boda hadi Ndabibi, akautafuta mto hadi jua likampiga vya kutosha, mwishowe mchungaji mmoja wa ng'ombe kwa jina Kibii akaigeuza karatasi huku na huku, akamwambia, "Mzee, hii mto haiko huku. Na hapa naona wameandika kuna joka."

Khisa alipopata habari alienda mwenyewe kueleza na kuomba radhi, Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema binti ameshaamua na hatamzuia, ila yeye hatakanyaga nyumba ya mtu wa shamba la karatasi. Harusi ilifungwa kanisani tarehe 12 Desemba 2015, Mzee akamtuma ndugu yake. Jambo hilo lilimuuma Khisa kuliko alivyoonyesha, kwani hakuwa amedanganya mtu, na bado alihesabiwa mwongo na mzee ambaye alitamani sana kumwita baba. Kila Desemba alimpelekea sukari na blanketi, akapokelewa kwa heshima, mlangoni.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Naliaka, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2017, na Barasa, tarehe 2 Oktoba 2020.

Machi 2022 madaktari walimgundua na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kazi ikapungua. Jumamosi moja ya Agosti 2023 Mzee Okumu alikuja kuwachukua wajukuu kwa ajili ya likizo, akakusudia kuwasubiri nje, lakini mvua ya Nakuru haina adabu, ikamwingiza ndani, akawakuta Ravi na Jepchumba, mchezaji mwenzao, mezani na Khisa amejifunika shuka. Khisa akamwambia, "Baba, kaa, tumekosa mtu mmoja." Mzee akaitazama meza, akauliza, "Hii ni ile ya joka?" Khisa akajibu, "Ndiyo, Baba. Lakini leo nimekuambia mapema."

Mzee akacheka, tena kwa sauti, akavuta kiti. Alipewa kuwa mtunza mizigo wa msafara, akausimamisha msafara wote akitaka kujua punda watakula nini na watakunywa wapi, mpaka Khisa akachukua penseli akamwongezea kisima. Tangu hapo hakukosa Jumamosi, hata zile ambazo Khisa alisimulia akiwa amelala.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, Akoth akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliompeleka hospitalini bila kuchoka, Ravi, Jepchumba na wachezaji wote, na wateja wa mbali waliotuma rambirambi kwa mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Tunawashukuru pia wakwe zetu. Mila inawatengea hema lao, na tulimwekea Mzee Okumu kiti cha mbele kule, lakini asubuhi hii amelipita hema hilo, akaja kukaa huku karibu na jeneza, na vijana walipomfuata mara ya pili kumwelekeza akawaambia, "Hiyo hema ni ya wageni. Mimi nimefiwa."

Nasi tumemwacha akae. Khisa, ndugu yetu, pumzika salama.