Zhuang Weiqing na Herufi ya Ukutani

Marehemu Zhuang Weiqing alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika mtaa wa Mlango wa Kaskazini, mjini Xuzhou, mtoto wa pekee wa seremala Zhuang Defu na Bi Geng Suyun.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani. Herufi ya Kichina 拆 hakuipata darasani. Mama yake alimchorea kwa kidole juu ya unga: kushoto mkono, kulia shoka, na kinukta pale shoka lilipokata. Maana yake ni kutenganisha kilichoungwa, hata kubomoa nyumba.

Mwaka 1979 aliajiriwa na ofisi ya ujenzi, na mwaka 1981 akamwoa Bi Lu Caixia, fundi cherehani. Tangu 1994 kazi yake ilikuwa kuiandika herufi hiyo kwa rangi nyekundu, ndani ya duara, kwenye kila nyumba iliyopangiwa kubomolewa. Watu walimchukia. Sitalificha hilo.

Aprili 2003 zamu ikafika Mlango wa Kaskazini, alikokuwa bado akiishi mama yake. Mkuu wake alitaka kumtuma mtu mwingine, marehemu alikataa. Kinyozi Qi aliwatangazia wateja wake kwamba brashi ya Weiqing ingekauka ikifika kwa mama yake. Marehemu alianzia hapo hapo.

“Mama, naanza na kwako.”

“Anza. Na uandike vizuri, majirani wanatazama.”

Aliandika vizuri. Bi Suyun akapanga chumba ng'ambo ya mto, na kwa miaka ishirini na mmoja hakukanyaga kwa mwanawe. Kila Mwaka Mpya marehemu alimpelekea bakuli la maandazi ya nyama. Lilipokelewa mlangoni, na mlango ukafungwa. Mimi, mwana wa marehemu, naamini baba alitenda haki. Anayebomoa kwa wengine hana ruhusa ya kuruka kwake.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Septemba Bi Suyun, mwenye miaka 89, aliingia kwetu bila kubisha hodi, akaketi kando ya kitanda na kuanza kufumua sweta la buluu alilomfumia mwanawe ujanani. Marehemu alimuuliza anafanya nini.

“Kufumua nako kunaandikwa kwa herufi yako ile ile,” alisema. “Ila sufu inafumwa tena. Lete mguu nipime.”

Soksi zilikamilika tarehe 28 Oktoba. Marehemu alifariki tarehe 2 Novemba 2024, akiwa amezivaa, na anazo hadi sasa.

Ameacha mama, mjane, mwana mmoja na mjukuu mmoja. Apumzike kwa amani, miguu yake ikiwa na joto.