Saliha wa Bwiza na Feni ya Kiwanda cha Sabuni

Wasikilizaji wapendwa, mlio Bwiza, mlio Kinama, mlio madukani kule Asiatique, sogezeni redio karibu. Leo namkumbuka fundi. Nasema fundi, na nasema mwanamke. Saliha binti Chabani, msukaji wa moteri za umeme zilizoungua, ametutoka Jumatatu akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Mtanisamehe, sitalia hewani. Leo nataka kujivuna, kwa sababu Saliha ni wa kwetu.

Alizaliwa Bwiza, akakulia ndani ya atelie, yaani karakana, ya baba yake, mzee Chabani. Mzee alitaka kuwafundisha wanawe wa kiume. Wa kiume walipenda mpira. Saliha alipenda waya wa shaba. Moteri ikiungua, waya wa ndani hutolewa wote, kisha husukwa upya kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, huku unahesabu. Ukipotea kwenye hesabu, unaanza tena. Ndiyo maana mtaa mzima ulijua: Saliha akiwa anahesabu, usimsalimie. Hata shangazi zake walisubiri mlangoni, masufuria mikononi, mpaka ainue kidole kwamba amemaliza.

Mdogo wake, Karimu, ananiambia hivi: "Dada alikuwa na maringo ya kazi, siwezi kukudanganya. Alikuwa anasema, moteri yenye mi nimesuka hairudie hapa. Na kweli, hazikuwa zinarudia."

Sasa twende mwaka 2017, kwenye kiwanda kimoja cha sabuni hapa mjini. Umeme ulikuwa haba. Kiwanda kilipewa kiasi chake, na kiasi hicho hakikutosha kuzungusha mashine zote alasiri hadi jioni. Mkuu wa kiwanda, bwana Aloys, akatangaza kwamba ekipe ya pili, ile zamu inayoingia saa nane mchana, itafungwa mwisho wa mwezi. Ekipe hiyo ni wanawake wanaofunga sabuni kwenye makaratasi. Walikuwa thelathini na wanane. Narudia, wanawake thelathini na wanane, na wengi wao ndio walioshikilia nyumba.

Wiki hiyohiyo Saliha alikwenda kiwandani kurudisha moteri ya feni kubwa ya kukausha sabuni, aliyokuwa ameisuka upya. Ikafungwa, ikawashwa. Yeye hakuondoka. Alisimama akaangalia. Feni ilizunguka kwa nguvu zake zote, na mbele yake mlango wa bati ulikuwa umefungwa nusu, ili upepo usizidi. Miaka yote walifanya hivyo, na hakuna aliyeuliza. Ni kama dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho huku ameshika breki.

Akamwambia Aloys: "Patron, unaita umeme yote, kisha unaifungia mulango. Fungua mulango. Punguza mwendo ya feni."

Kupunguza mwendo kuna mashine yake, wasikilizaji. Inaitwa variateri. Ni sanduku linalokaa kati ya umeme na moteri, likiiamuru moteri izunguke haraka au polepole. Bila sanduku hilo, moteri ile inajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika. Na feni ina tabia moja nzuri sana. Ukiipunguzia mwendo robo tu, umeme inaotumia unashuka chini ya nusu. Sikieni tena: unapunguza robo ya mwendo, unaokoa zaidi ya nusu ya umeme. Umeme huo ndio ungeibakiza ekipe ya pili kazini.

Majirani walimcheka. Variateri huiwasha moteri taratibu, haiishtui, kwa hiyo moteri haziungui ovyo. Sasa msukaji wa moteri zilizoungua anaitetea ya nini? Saliha aliwajibu kwamba wale wanawake anawajua kwa sura.

Aloys akaleta variateri moja ya kujaribu. Siku tatu feni ilizunguka polepole, sabuni zikakauka vizuri, na taa za kiwanda hazikutetemeka hata mara moja. Siku ya nne ikatoka harufu. Moteri ilikuwa imeungua. Moteri aliyoisuka Saliha kwa mikono yake.

Aloys alikasirika. Akasema sanduku lirudishwe lilikotoka, na ekipe ya pili imalize Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Moteri ikapelekwa Bwiza. Saliha aliifungua mwenyewe, Karimu akiwa pembeni. Ndani aliona tundu dogo, la kupitisha ncha ya sindano, kwenye mizunguko ya kwanza ya waya. Varnishi ya kukinga waya ilikuwa imetobolewa. Akachukua kitabu kilichokuja na variateri, akasoma ukurasa aliouruka. Ukurasa ulikuwa wazi: umeme wa variateri hauji laini, unakuja kwa kugonga haraka haraka, na moteri iliyosukwa kwa waya wa kawaida haiwezi kuvumilia. Inataka waya wenye kinga nene, na varnishi iliyokaushwa kwa moto zaidi ya mara moja. Ukurasa huo hakuusoma kwa sababu moja tu, na Karimu anaisema bila kuficha: "Alizania moteri zake zinaweza kila kitu."

Karimu anakiri na la kwake. "Nilimwambia, dada, sema ni ile machine. Nani atajua? Wenyewe wanasema tayari ni machine. Aliniangalia. Akasema, Mungu anajua, na wale wamama watakosa kazi juu ya jina yangu? Apana."

Ijumaa asubuhi alifika kiwandani na ule waya ulioungua mkononi. Aliomba ekipe ya pili iitwe mapema. Daphrose, aliyekuwa kiongozi wao na bado ni kiongozi wao, alikuwepo. "Alisimama mbele yetu na mbele ya patron. Akasema, iyi machine haina kosa. Kosa ni ya mikono yangu. Munipe siku tatu, nisuke tena. Mi nilizania atalia. Hakulia."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ninapojivuna kila nikisimulia. Mtu wa miaka thelathini kazini, jina lake ndilo duka lake, analivua mwenyewe mchana kweupe.

Aloys alimpa siku tatu. Saliha alitafuta waya unaofaa kule Asiatique, akasuka, akakausha, akakausha tena. Jumatatu feni iliwaka. Imezunguka hadi leo, na ekipe ya pili haikufungwa. Baadaye pampu mbili za kiwanda nazo zikapata variateri.

Hakusifiwa mara moja. Wiki ile wateja wawili walikuja kuchukua moteri zao kabla hazijasukwa. Yeye aliutundika ule waya ulioungua ukutani, upande wa barabara, na kila fundi aliyeingia alielezwa kwa nini uliungua. Mafundi wengi wa mji huu wanaosuka moteri za variateri wamesimama mbele ya ukuta ule. Binti yake, Houda, sasa ndiye mwenye atelie. Anasema: "Mama alinifundisha kuhesabu. Lakini kwanza alinifundisha ule waya."

Kwako Houda, kwako Karimu, na kwa ukoo wote wa mzee Chabani, sisi wa redio tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu amrehemu, amuweke pema. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja kwenye kazi yake: ni kosa langu lipi ambalo mtu mwingine analilipia leo kwa sababu mimi nimenyamaza?

Nimalizie na Jumanne, siku ya mazishi. Aloys aliwaambia wanawake wa kiwanda kwamba feni izimwe, kwa heshima. Daphrose alikataa. "Nikamwambia, apana patron, tusizime. Tupunguze." Wakazungusha kitufe cha variateri. Feni ikashuka, ikashuka, mpaka Waislamu na Wakristo wakasikilizana wakimwombea. Kisha wakaipandisha tena. Ilikuwa saa nane mchana, na ekipe ya pili ikaingia kazini.