Mkono wa Mtu Huandikwa Mwisho: Maisha ya Fundi Efraimu Siwale

Wazee wa ukoo, mchungaji, majirani wa Tunduma, nanyi mliovuka mpaka tangu alfajiri, kabla jeneza halijainuliwa familia imenituma mimi Ezron, mdogo wa marehemu, nisome maisha ya kaka yangu, tena nisiyasome mbiombio, kwa kuwa mjane, Nesta, amekaa ndani akishutumiwa kwamba amemuua mumewe, na wazee wametaka neno hilo lijibiwe kabla ya udongo, ndipo ijulikane kama atabaki nyumbani kwake au atarudishwa kwao Kamsamba leo hii.

Marehemu Efraimu Siwale alizaliwa tarehe 3 Mei 1909, mtoto wa pili wa mzee Abrahamu na mama Elina, akimfuata dada yake Ketrina, na tarehe hiyo alipewa na karani mmoja wa serikali aliyekataa katakata kumwandika kazi mtu aliyezaliwa "mwaka wa nzige". Alisoma shule ya misheni ya Mwenzo, ng'ambo ya mpaka, kuanzia Januari 1919 hadi Desemba 1925, akabatizwa huko Pasaka ya mwaka 1924, na wote mnajua alivyolishika neno la Mungu, kiasi cha kuwachosha wengine.

Tarehe 1 Agosti 1929 aliingia karakana ya malori ya barabara, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akawa fundi, na kuanzia mwaka 1936 yeye ndiye aliyekagua kila gari lililoharibika na kuandika aina ya ubovu wake, nazo aina zilizoruhusiwa zilikuwa tatu tu, yaani uchakavu, uzembe wa dereva na kudra ya Mungu, kana kwamba chuma duniani hakina njia nyingine ya kufa. Katikati ya kazi hizo, tarehe 9 Septemba 1933, alifunga ndoa na Nesta, wakajaliwa watoto watatu, Aida wa mwaka 1934, Yonasi wa 1937, na Enesi wa 1941, ambaye surua ilimchukua mwaka 1943.

Tarehe 22 Machi 1938 lori la mawe lilikatika ekseli kwenye mteremko wa Mlowo, vibarua wawili wakafa, na Efraimu akaitwa kutoa hukumu ya chuma, akaiona ekseli ni mpya, basi si uchakavu, akaona pia kuwa Mkristo hawezi kumbandikia Mungu lawama ya ekseli, hivyo likabaki fungu moja, akaliandika, na dereva Anania, mtu wa Vwawa, akafungwa miaka miwili gerezani Mbeya, akafa humo kwa kuhara damu kabla hajaumaliza wa kwanza. Mwaka 1940 malori mengine mawili yaliyoshuka katika meli moja na lile la Mlowo yalikatika ekseli sehemu ile ile ya chuma, moja likiwa limesimama likipakiwa changarawe, dereva wake akiwa kibandani anakunywa uji, na Efraimu akaona kuwa ubovu ulitoka nao kiwandani, akawaandikia wakubwa waongeze fungu jingine, la ubovu wa kiwandani, akajibiwa kwa adabu kuwa pendekezo lake ni zuri, ila fomu zilizochapwa zinatosha hadi mwaka 1950.

Alikwenda Vwawa kwa miguu kumwambia ukweli Leah, mjane wa Anania, naye Leah alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Sasa baba, umekuja kumtoa?" Efraimu akarudi karakana kwa miguu.

Tangu hapo vyuma vyote vilivyovunjika alivipanga sakafuni katika mafungu manne, kilichozaliwa kibovu, kilichozeeka, kilichoharibiwa na chuma jirani yake au mahali kilipofanyia kazi, na mwisho kabisa mkono wa mtu, na fungu hili la mwisho hakuliwekea kitu mpaka alama ya spana ionekane kwa macho, nao mafundi wenzake wakamcheka wakimwita hakimu wa skrubu.

Kikohozi kilimwanza Juni 1952, akalazwa Mbeya mara mbili, waganga wa hospitali wakasema mapafu yamekauka, akaacha kazi tarehe 31 Desemba 1953, na Nesta akamwinua, akamwogesha, akamlisha uji wa mchele uliotoka kwao bondeni Kamsamba, na mchele huo ndio umeleta maneno. Dada Ketrina alisema mbele ya mgonjwa, "Mwanamke wa bondeni huyo, na uji wake una mambo!" naye Efraimu, kwa pumzi aliyobakiwa nayo, akamjibu, "Dada, wewe umeanza na fungu la nne." Alifariki jana, tarehe 14 Machi 1955, saa tisa alasiri.

Basi wazee, familia imemkagua Efraimu kama alivyokagua yeye, na inasema kwamba hakuzaliwa na kifua kibovu, maana baba yake alikufa mzee akiimba, wala hakuzeeka, ila katika banda lile la karakana, walimopuliza vumbi la breki kwa vinywa vyao, walikuwa mafundi watatu, naye Raphaeli alikufa mwaka 1951, na Yonathani mwaka 1953, kwa kikohozi hiki hiki, wala hao hawakuonja uji wa Nesta. Dada Ketrina hajakubali, na historia hii haitasema amekubali, lakini wazee, waliousikia ukaguzi huu usiku, wamekubali, na wamesema Nesta abaki kwake na shamba lake la mahindi, atoke sasa, awe wa kwanza kutupa udongo, na mwenye alama ya spana aioneshe hapa mchana huu, si kesho visimani.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Mbeya, majirani walioleta kuni na unga, mafundi waliochonga jeneza, pamoja na ofisi ya karakana, iliyotuma barua ya rambirambi kwa jina la marehemu mwenyewe ikimtaka athibitishe kuipokea.

Fungueni mlango, Nesta apite.

Nawe Efraimu, kaka, umekaguliwa na hatukumfunga mtu, pumzika kwa amani.