Mlinzi wa Viambatisho Vyetu: Bi. Nabangala Anastaafu

Kwa Mhariri wa jarida letu, kwa uongozi na kwa wafanyakazi wote wa kiwanda chetu cha uchapaji hapo Wandegeya: nawasalimu kwa heshima na upendo. Naomba mniwie radhi kwa kuchelewesha maneno haya. Macho yangu yalifanyiwa upasuaji katika hospitali ya Mulago, na tangu mke wangu anitoke sina wa kuniandikia nikisema.

Bi. Nabangala, msimamizi wa kompyuta zetu, anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alipoajiriwa, wateja walileta kazi zao katika bahasha, na juu ya bahasha waliandika maombi yao kwa adabu: nakala ngapi, jalada la rangi gani, na shukrani. Nayakumbuka maandishi yale kwa furaha, maana dawati langu la usahihishaji lilipakana na lake. Saa ya chai tuligawana mihogo, naye akinicheka kwa kupuliza chai iliyokwisha kupoa.

Barua pepe ilipoingia, wateja hawakuacha desturi. Maombi ya bahasha waliyahamishia kwenye jina la faili. Programu yetu ya wakati huo ilipokea kiambatisho, ikachukua jina lake kama lilivyo na kulipachika ndani ya mstari wa amri ya kuchapa. Siku moja katekista wa Nateete alituma ratiba ya misa, na katika jina la faili aliweka nuktamkato, kisha neno asante. Kumbe kwa kompyuta nuktamkato humaliza amri moja na kuanzisha nyingine! Ikajibu kwamba haijui amri iitwayo asante.

Chumba kizima kilicheka. "Hii mashini haikulelewa!" akasema meneja wetu, Bw. Abubaker. Bi. Nabangala hakucheka. Alituuliza: ikiwa mashine imejaribu kutii shukrani, itakataaje kutii amri ya kufuta, siku mtu mbaya atakapoiandika mahali pale pale?

Bw. Abubaker alipendekeza alama za hatari ziondolewe tu kwenye majina. Alijibiwa kwa upole kwamba alama hizo ni nyingi, na moja tu ikisahaulika inatosha kutuangamiza. Bi. Nabangala akaibadili kazi yenyewe. Tangu hapo kila kiambatisho hupewa namba na programu yetu. Jina alilolitoa mteja hubaki maandishi ya kusomwa tu. Nayo programu ya kuchapa huitwa moja kwa moja, bila kupitia ule mstari wa amri ambamo nuktamkato hufasiriwa. Wateja walinung'unika. "Madamu, mimi si mfungwa wa Luzira, nipe jina yangu!" alilalamika mmoja. Bi. Nabangala akamjibu kwa heshima ya Kiganda: "Jina lako lipo, ssebo. Keti, inachapwa."

Mwaka jana, wiki ya kukabidhi tasnifu, mwanafunzi kutoka Kongo aitwaye Perpétue aliibiwa kompyuta yake. Nakala pekee ya tasnifu yake ilikuwa kiambatisho alichotutumia, kikisubiri zamu. Asubuhi moja ya wiki hiyo kikaingia kiambatisho cha mtu tusiyemjua. Mashine ilichapa karatasi moja, nyeupe, tupu. Bi. Nabangala alisoma jina la faili kwenye skrini: baada ya nuktamkato ilikuwapo amri ya kufuta ghala lote la viambatisho. Ilikaa pale kama herufi tu, haikugusa kitu. Bi. Nabangala akaagiza tasnifu ile ichapwe kwanza.

Perpétue alikuja jioni, akalalamika kidogo kwamba buluu ya jalada imekolea mno, akazikumbatia nakala zake, akaenda. Tulitaka kumsimulia, Bi. Nabangala akatukataza. "Mwacheni. Hofu ya kuitetea kwa maprofesa inamtosha."

Mama, tunakushukuru kwa yote uliyotukinga nayo, na zaidi kwa yale ambayo hatukuwahi kuyajua. Mungu akujalie afya, usingizi mwema na chai ya moto miaka mingi.

Barua hii ataileta Ramathan wa bodaboda. Naomba asicheleweshwe mlangoni, kwani anakuja huko kuchukua tasnifu za wanafunzi wa mwaka huu, nao wanazisubiri.

Wenu mtiifu,
Sylvanus Ochola